Jeep Iliyokuwa ya Polisi, Leo Inabeba Watoto



Alhamisi iliyopita tulikuwa tumemaliza kuhesabu michango ya AVEC yetu, kisanduku kimefungwa na funguo tatu zimerudi kwa wenyewe, wakati simu ya mama mwenyekiti ilipolia. Alikuwa mwenzetu wa zamani. Wengi wetu tunamkumbuka: aliuza sambaza pamoja nasi hapa Kadutu kabla ya vita kumsukuma Burundi, na kutoka Burundi akapelekwa Marekani na watoto wake wanne. Leo anaishi Louisville, katika jimbo la Kentucky, mji ambao Wakongomani wengi wamepewa makao.

Akatuomba tuweke simu kwa sauti kubwa. Kisha akasema: «Mama zangu, nataka niwaeleze jambo la gari. Mwaka jana nilinunua gari ya polisi.»

Tulicheka sana. Mmoja wetu akamwuliza kama siku hizi anakamata watu. Lakini mama mmoja mzee, ambaye hakucheka, aliuliza swali moja tu: «Na watoto walikubali kupanda?»

Kwenye simu kukawa kimya kidogo. Ndipo akaanza kutusimulia, na mazungumzo yakachukua karibu saa nzima. Ametupa ruhusa ya kuandika habari yake katika gazeti hili, bila jina. Tunaiandika kwa sababu mbili. Wengi wetu tuna dada, mtoto au shangazi huko ng’ambo, na habari hii inaweza kumfaa. Tena hata sisi tuliobaki hapa tunanunua vitu vilivyokwisha kufanya kazi mikononi mwa wengine.

Kwa nini gari ile

Mwenzetu anafanya kazi ya usiku katika ghala la vifurushi. Anaingia saa tano za usiku, anatoka alfajiri. Basi za usiku ni chache, na kutembea kwa miguu katika baridi, peke yake, mwanamke, si jambo la kushauri. Kwa mwaka mzima alilipa watu wa kumpeleka na kumrudisha, na kila wiki sehemu ya mshahara ilikwenda huko.

Huko pia mama zetu hawakuacha likelemba. Wako kumi, kila mmoja anatoa dolari 400 kwa mwezi. Zamu ya kwanza ilipomwangukia yeye, alipata dolari 4000 kwa mara moja. Hiyo ndiyo makuta aliyoenda nayo kutafuta gari. Tulielewa uzito wake mara moja. Makuta ya likelemba si yako peke yako. Nyuma yake kuna macho ya wanawake tisa, na miezi tisa ya kulipa.

Kwa makuta hiyo aliweza kupata gari ndogo, ya zamani kidogo. Lakini bwana mmoja kazini akamwonyesha mnada. Huko Marekani miji na wilaya hutumia gari za polisi kwa miaka kadhaa, kisha huziuza kwa mnada, mara nyingi kwa njia ya intaneti, na raia yeyote anaweza kutoa bei yake. Kumiliki gari ya namna hiyo si kosa. Kosa ni kujifanya polisi. Kwa hiyo kabla ya kuuza huondoa maandishi ya ubavuni, taa nyekundu na buluu, na redio. Gari huuzwa kama ilivyo: ukiisha kulipa, ubovu wote ni wako, hakuna wa kumlalamikia.

Zamani gari iliyojulikana sana kwa kazi hiyo ilikuwa Ford Crown Victoria, gari ya chini, ndefu. Ilikoma kutengenezwa mwaka 2011. Baada yake polisi wengi walihamia kwenye jeep. Ford ilianza kutengeneza katika kiwanda chake cha Chicago jeep ya polisi iliyotokana na Explorer, kuanzia modeli ya 2013. Chevrolet nayo ina Tahoe ya polisi. Jeep hizi ziliongezewa nguvu pale ambapo kazi ya polisi inaumiza: breki kubwa zaidi, njia bora ya kupoza injini, mtambo wa umeme wenye nguvu zaidi, magurudumu ya chuma yanayovumilia. Tena hutunzwa kwa ratiba, maana polisi hawezi kubaki njiani akimfukuza mwizi.

Mwenzetu aliona jeep nyeusi, pana, yenye nafasi ya watoto wote na magunia ya unga. Bei ilisimama kwenye dolari 3600. Pamoja na malipo ya mnada na ya karatasi, 4000 yote iliisha. «Nilifurahi,» alituambia. «Nilijisikia kama nimenunua ng’ombe kwa bei ya mbuzi.»

Kilometa hazisemi yote

Fundi wa kwanza kuiangalia alikuwa Mkongomani mwenzake, mtu wa Lubumbashi, anayetengeneza gari kwenye uwanja wa nyumba yake. Mwenzetu alimwonyesha kwa fahari namba ya maili: 95 000, yaani kilometa 153 000 hivi. Kwa gari ya Marekani si nyingi.

Fundi akabonyeza vitufe karibu na usukani, akatafuta namba nyingine. Katika jeep nyingi za polisi kuna saa inayohesabu muda ambao injini ilifanya kazi, na tena muda ambao ilinguruma gari ikiwa imesimama. Ile ya mwenzetu ilionyesha kwamba ilikuwa imenguruma bila kutembea kwa saa 4000.

Polisi wa Marekani gari ndiyo ofisi yake. Anaandika ripoti ndani yake, anangojea ndani yake, anawasha joto wakati wa baridi na hewa baridi wakati wa jua, na umeme wa taa na redio unahitaji injini iwake. Kwa hiyo injini haizimwi. Ford yenyewe imewafundisha wateja wake wa polisi kwamba saa moja ya kunguruma bila kutembea inachosha injini sawa na mwendo wa maili 33, ambayo ni kilometa 53.

Fundi alichukua kalamu. Saa 4000 mara 33 ni maili 132 000. Ukiongeza 95 000 zilizoandikwa, unapata 227 000, yaani kilometa 365 000 hivi. Injini ilikuwa imezeeka zaidi ya mara mbili ya umri uliosomwa mbele ya dereva.

Mama mmoja kwetu alisema neno lililotufanya sote tuelewe. Alisema: «Ni kama mbabula inayowaka tangu asubuhi bila sufuria juu yake. Hakuna aliyekula, lakini makala imekwisha.»

Fundi alimwonya pia juu ya pampu ya maji. Katika injini za V6 za zile jeep za Ford za polisi za modeli ya 2013 hadi 2019, pampu hiyo haiko nje bali imefichwa ndani ya injini na inazungushwa na mnyororo. Ikichakaa, maji yanaweza kuchanganyika na mafuta na kuua injini yote, na kuifikia ni kazi ya kufungua injini. Kwa hiyo anayenunua jeep ya namna hiyo achomoe kijiti cha kupimia mafuta na kuangalia. Mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, aondoke.

Ya mwenzetu ilikuwa safi. Alishukuru. Lakini alikuwa amejifunza kwamba aliuliza swali la namba moja wakati zilikuwepo namba mbili.

Mlango usiofunguka kutoka ndani

Siku ya kwanza nyumbani mtoto wa pili aliingia nyuma, akafunga mlango, kisha akataka kutoka. Mlango haukufunguka. Dirisha nalo halikushuka. Akaanza kulia.

Gari ilikuwa inafanya kazi iliyofundishwa. Nyuma ya gari ya polisi hukaa aliyekamatwa, na aliyekamatwa hapaswi kufungua mlango. Lakini mtoto si mfungwa. Gari ikigongwa au ikishika moto, mtoto lazima aweze kutoka, na mpita njia lazima aweze kumtoa. Fundi alirudisha vishikio na vitufe vya madirisha kabla mtu yeyote hajakaa tena nyuma.

Kiti cha nyuma kilikuwa cha plastiki ngumu, kilichotengenezwa ili kioshwe kwa maji. Hakikuwa na mahali pazuri pa kufungia kiti cha mtoto mdogo, na sheria za huko zinadai mtoto mdogo afungwe katika kiti chake. Ilibidi kutafuta kiti cha kawaida cha gari ya aina ileile iliyogongwa. Kabla ya kukiweka, fundi alivaa glavu nene, akapitisha mkono polepole katika kila ufa, maana watu waliokamatwa huficha sindano na vipande vya wembe pale wanapokaa. Mama anayenunua gari ya namna hii asimwache mtoto aingize mkono chini ya kiti kabla ya kazi hiyo kufanyika.

Tena funguo. Miji mingi huagiza gari za polisi zinazofunguliwa na ufunguo wa namna moja, ili askari yeyote aweze kuchukua gari yoyote. Ni jambo zuri kwao. Lakini gari hizo zikiisha kuuzwa kwa watu mia, watu mia wana ufunguo wako. Mwenzetu alibadilisha vitasa. Alitukumbusha kisanduku chetu: «Nyinyi mna funguo tatu, na kila mama anajua yake iko wapi. Mimi nilikuwa na ufunguo mmoja, na sikujua wengine wangapi wanao.»

Hofu ya watoto

Turudi kwa swali la mama mzee. Watoto watatu walipanda. Mtoto wa kwanza, kijana wa miaka 12, alikataa.

Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni na mkoba wake wa shule, akasema atatembea. Alitembea kwenda shule kwa wiki mbili, dakika 40 kila asubuhi. Mwenzetu hakumlazimisha. Kijana huyo alikuwa na miaka minne walipokimbia, naye alimwona baba yake akipandishwa na watu wenye magwanda katika jeep nyeusi. Baba hakurudi. Mama alifikiri mtoto alikuwa mdogo mno, amesahau. Hakuwa amesahau.

Hata majirani waliogopa. Katika majumba yale wanakaa watu wa nchi nyingi waliokimbia kama yeye. Jioni ya kwanza alipoegesha jeep, mapazia yalifungwa moja baada ya jingine. Taa ile kubwa iliyo karibu na dirisha la dereva ilikuwa bado ipo, na mtu akiiona hasubiri kuuliza. Barabarani, gari zilizokuwa mbele yake zilipunguza mwendo, na madereva walimtazama katika kioo. Wengine hufurahia jambo hilo. Yeye lilimchosha. «Sikuja Marekani,» alisema, «ili watu waniogope.»

Alianza kuivua gari sura yake. Taa ya pembeni iliondolewa na tundu lake likazibwa. Magurudumu ya chuma nyeusi yalifunikwa. Ndipo akakumbuka vikwembe vinne tulivyompelekea kwa mkono wa msafiri mwaka juzi. Viwili alikuwa bado hajavikata. Akashona vifuniko vya kiti cha nyuma kwa mashine aliyoazima, kikwembe cha majani ya kijani na manjano, kile ambacho wengi wetu tulivaa siku ya Wanawake.

Hakumwambia kijana neno. Jumatatu moja mvua ilinyesha. Kijana akafungua mlango wa nyuma, akatazama kiti, akauliza: «Hiki si kikwembe cha koko?» Akaketi. Mama hakujibu, alihofia sauti yake. Akawasha gari, akawapeleka shule.

Tuliposikia hayo wengi wetu tulitazama chini. Tunaandika jambo hili kwa ajili ya mama wanaosema mtoto mdogo hakumbuki. Mtoto anayekataa gari, nguo au njia fulani huenda si mkaidi. Mwulizeni polepole, na kama bado hawezi kusema, mngojeeni.

Kichwa kilichouma kila Jumapili

Mambo ya hatari zaidi yalikuja na baridi. Kila Jumapili mwenzetu alikwenda na watoto kwa dada yake, safari ya dakika 40 kwenye barabara kubwa ya mwendo wa kasi. Madirisha yamefungwa, joto limewashwa, na kitufe kinachozungusha hewa ya ndani kimebonyezwa ili joto lisipotee.

Jumapili ya kwanza mtoto wa tatu alitapika. Mama alidhani ni maandazi. Jumapili ya pili yeye mwenyewe aliumwa kichwa, akafikiri ni uchovu wa kazi ya usiku. Jumapili ya tatu kichwa kilimwuma tena, wakubwa wawili walilalamika, na mtoto wa mwisho alilala usingizi mzito. Alimwita jina mara tatu, mtoto hakujibu.

Hapo akakumbuka Bukavu. Alikuwa msichana mdogo, usiku wa mvua, mama yake aliposikia kimya kwa majirani na kuvunja mlango wao. Familia ile ilikuwa imeingiza mbabula ya moto chumbani na kufunga dirisha. Mama yake aliwavuta nje mmoja mmoja, katika mvua, huku akipiga kelele: «Hewa! Wapeni hewa!» Walipopata nguvu ya kusema, wote walisema jambo moja: kichwa kilikuwa kinauma.

Mwenzetu aliegesha pembeni, akazima injini, akafungua milango yote, akawatoa watoto katika baridi, akaita msaada. Mdogo aliamka, akalia, na mama hajawahi kufurahia kilio namna ile. Wazima moto walikuja na kifaa cha kupimia, wakakuta hewa ya ndani ya gari ina monoksidi ya kaboni. Watoto walipewa oksijeni hospitalini na kurudi nyumbani usiku uleule.

Monoksidi ya kaboni ni sumu inayotoka katika kitu chochote kinachowaka bila hewa ya kutosha: makala, esansi, mazuti, jenereta. Haina harufu, haina rangi. Huchukua mahali pa oksijeni katika damu. Huanza na kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, kisha usingizi ambao mtu anaweza asiamke. Watoto huathirika haraka kuliko wakubwa.

Fundi alipofungua vifuniko vya ndani vya nyuma alikuta matundu mawili ya ukubwa wa kidole gumba. Nyaya za taa na redio za polisi zilikuwa zimepita humo. Vifaa vilipoondolewa, matundu hayakuzibwa. Tena mlango wa nyuma ulikuwa umepinda kidogo kwa kugongwa, na mpira wake haukukaza. Gari ikikimbia, moshi wa bomba uliingia kwa njia hizo na kubaki ndani.

Mambo ya namna hiyo yalijulikana Marekani tangu awali. Mwaka 2017 polisi wa mji wa Austin, katika jimbo la Texas, waliondoa kazini karibu gari 400 za Ford Explorer baada ya askari kuugua kwa gesi hiyo. Ford ilitangaza kwamba italipia kukaguliwa na kuzibwa kwa jeep hizo za polisi. Idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa barabarani ilichunguza kwa miaka, ikafunga uchunguzi mwaka 2023 bila kuagiza gari zirudishwe. Ilieleza kwamba gari za polisi zilizokutwa na gesi nyingi zilikuwa na matundu ya vifaa yasiyozibwa, au zilikuwa zimegongwa nyuma na hazikutengenezwa vizuri.

Gari ya mwenzetu ilizibwa, mpira ukabadilishwa, ikapimwa tena ikiwa barabarani. Leo kuna kifaa kidogo cha kupima gesi kimefungwa mbele, kinapiga kelele hewa ikiharibika. Na kitufe kile cha kuzungusha hewa ya ndani hakibonyezwi tena.

Bei yake hasa

Tulimwuliza kama anajuta. Alituomba tuandike hesabu, tukaandika kwenye kitabu cha AVEC.

Kununua na karatasi: dolari 4000. Vitasa na milango: 250. Kiti cha nyuma: 300. Betri na magurudumu: 480. Kuziba, mpira na kifaa cha gesi: 350. Jumla ni dolari 5380, bila kuhesabu esansi, ambayo jeep nzito inakunywa zaidi kuliko gari ndogo kila siku inayoamka.

«Gari ni nzuri,» alisema. «Inasimama imara, breki zake ni kali, haijanitupa njiani hata usiku mmoja. Lakini bei yake haikuwa 4000. Bei ya gari ni ile unayofikia siku inapofaa kubeba mtoto. Ningejua hivyo, ningenunua ya bei ndogo zaidi na kuacha 1400 mfukoni.»

Tunafikiri neno hilo linatosha kwa yeyote mwenye ndugu huko anayetamani jeep ya polisi. Asikatazwe. Aambiwe asome namba zote mbili, aifanyie ukaguzi kabla ya kutoa bei pale mnada unaporuhusu, na aweke akiba ya matengenezo kabla ya kupandisha watoto.

Na sisi hapa

Hapa kwetu mashirika nayo huuza jeep zao zilizochoka, na vikundi vya mama huota kununua moja ya kupeleka mizigo sokoni. Jeep zile hazina saa ya kuhesabu kunguruma. Lakini kuna shofere aliyeziendesha. Mtafuteni, mnunulieni chai, mwulizeni: Gari hii ilifanya kazi gani? Ilisimama wapi injini ikiwaka? Iligongwa? Ni kitu gani kilitobolewa na kuondolewa? Nani mwingine ana ufunguo? Maswali hayo yanafaa pia kwa moto, jenereta na friji.

Na kwa kuwa mvua zimeanza, tunarudia kwa kila mama: mbabula ya moto isiingie chumbani mnapolala, hata baridi ikiwa kali, hata kama makala imekuwa majivu mekundu tu. Jenereta ikae nje, mbali na dirisha. Watu wawili au zaidi wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, msitafute dawa kwanza. Tokeni nje kwanza.

Wiki hii katika vikundi vyenu zungumzeni: ni kitu gani mlichonunua kwa bei ndogo kikawagharimu baadaye? Tuleteeni majibu Alhamisi.

Mwenzetu anawasalimu. Alifunga simu kwa sababu saa ya kuwachukua watoto shuleni ilikuwa imefika. Amebakiza miezi mitatu ya likelemba, naye hajachelewa hata mara moja.